Msomaji Asiyeitika: Akili Mnemba na Usomaji wa Sonona

Lugha huufunua moyo wa mtu, na lugha hiyo hiyo huufunika. Mwenye huzuni aweza kusema sana asisikike, na aweza kunyamaza akaeleweka. Kwa sababu hiyo kila taifa limejiwekea desturi za kutaja maumivu: wako wanaoyataja waziwazi, wako wanaoyataja kwa fumbo, wako wanaoyaweka katika viungo vya mwili, na wako wanaoyafikisha kwa Mungu kwa dua bila kuwaambia wanadamu. Aijuaye desturi husikia kilio ndani ya neno dogo. Asiyeijua hupita karibu na kilio akadhani kuwa amepita karibu na salamu.

Katika zama hizi amezuka msomaji mpya wa huzuni za watu, naye si daktari, wala jirani, wala mshairi. Ni akili mnemba, yaani mitambo ya kompyuta iliyofundishwa kwa wingi wa mifano hata ikaweza kubagua na kukisia. Msomaji huyu hupewa maneno ambayo watu huyaandika kila siku katika mitandao ya kijamii, akatakiwa aseme ni nani miongoni mwao anayeugua sonona. Sonona ni maradhi yanayomwondolea mtu raha, hamu na nguvu kwa majuma na miezi, na mara nyingine humfikisha mahali pa kuuchukia uhai wake. Katika mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 280 walikuwa nayo. Wengi hawamfikii daktari kamwe, na wengine humfikia wakati umekwisha pita. Basi haja ya kuwatambua mapema ni haja ya kweli, na kazi ya mitambo hii haifai kudharauliwa kabla ya kuchunguzwa. Lakini maadam yadai kuwa yajua kusoma, ni haki ihakikiwe kama anavyohakikiwa msomaji yeyote: husoma nini, hujifunza kwa nani, hukosea wapi, na ikisha kusoma hufanya nini.

Asili ya kazi hii iko karibu na fasihi kuliko inavyodhaniwa. Katika mwaka wa 2001 Shannon Wiltsey Stirman na James Pennebaker, wataalamu wa saikolojia wa Marekani, walichapisha uchunguzi wa mashairi yapatayo 300. Washairi walikuwa 18: tisa waliojiua, miongoni mwao Sylvia Plath, Anne Sexton na Mrusi Vladimir Mayakovsky, na tisa wengine ambao hawakujiua, waliochaguliwa ili walingane nao. Kompyuta ikahesabu maneno. Matokeo hayakuwa kama watu wengi ambavyo wangetazamia. Maneno ya huzuni hayakuyapambanua makundi mawili hayo. Kilichoyapambanua kilikuwa kiwakilishi cha nafsi ya kwanza umoja. Waliojiua walijitaja wenyewe mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Katika mwaka wa 2004 Stephanie Rude, Eva-Maria Gortner na Pennebaker waliona jambo la jinsi hiyo katika insha za wanafunzi wa chuo kikuu: wenye sonona walisema "mimi" kwa Kiingereza zaidi kuliko wasio nayo.

Mitandao ya kijamii ilipoenea, hesabu hii ilipata shamba jipya. Mwaka wa 2013 Munmun De Choudhury na wenzake wa maabara ya Microsoft waliwachunguza watu 476 waliokuwa wakiandika katika Twitter, ambao walikuwa wamejibu dodoso la dalili za sonona. Mtambo wao ulikisia sawasawa mara kama saba katika kila kumi. Alama ulizozifuata zilikuwa nyingi: mtu kupunguza mazungumzo na wenzake, kuandika zaidi nyakati za usiku, kutaja dawa, kujitazama sana, na hata kuzidisha maneno ya dini. Mwaka wa 2018 Johannes Eichstaedt na wenzake walikwenda mbele zaidi. Waliomba ridhaa ya wagonjwa 683 wa hospitali moja ya Marekani, wakayalinganisha maandishi yao ya Facebook na majalada yao ya matibabu. Wagonjwa 114 walikuwa wameandikiwa sonona katika majalada hayo. Ilionekana kwamba lugha yao ilikuwa imeanza kubadilika hata miezi mitatu kabla daktari hajaliandika jina la maradhi. Walitaja machozi, upweke, uchovu na maumivu ya mwili. Na kile kiwakilishi cha nafsi ya kwanza kilionekana tena.

Haki yataka sifa itangulie lawama. Uchunguzi huu umethibitisha jambo ambalo wahakiki wa fasihi wamelisema muda mrefu bila ya kuweza kulipima, kwamba hali ya moyo huingia katika lugha kwa milango ambayo msemaji mwenyewe hailindi. Mwandishi hulichagua neno "huzuni" kwa makusudi, lakini hakai akahesabu viwakilishi vyake. Msomaji wa kibinadamu naye hapati subira ya kuvihesabu. Mtambo hauchoki wala hausinzii, wala haubabaishwi na uzuri wa beti. Na kwa sababu hiyo umeona kilichokuwa kimefichwa na udogo wake. Hilo ni tunu kwa elimu ya lugha. Walakini kuona alama ni jambo moja, na kuisoma alama ni jambo la pili. Hapo ndipo upungufu wa msomaji huyu unapoanza.

Upungufu wa kwanza umo katika chuo alichosomea. Mtambo haukuijua sonona kwa kuugua, wala kwa kuuguza. Ulipewa maandishi yenye lebo: huyu mgonjwa, huyu mzima. Lebo hiyo ilitoka ama katika dodoso ambalo mtu amelijibu, ama katika jalada la hospitali. Dodoso humtambua yule ayajibuye maswali kwa namna waliyoitazamia walioyatunga, na jalada humtambua yule aliyefika hospitali, akasema, akasadikiwa. Mwanamke ambaye hakufika huandikwa upande wa wazima. Kijana aliyemwambia daktari kuwa kichwa kinamwuma, akapewa dawa ya kichwa, naye huandikwa upande wa wazima. Basi mtambo hujifunza kufanana na hukumu zilizokwisha kutolewa, na makosa ya mahakimu huyarithi pamoja na maarifa yao.

Upungufu wa pili ni wa lugha, nao ndio unaowagusa zaidi wasomi wa Kiswahili. Alama iliyosifiwa kuliko zote ni nafsi ya kwanza umoja. Kwa Kiingereza nafsi hiyo ni neno linalosimama peke yake, nalo huhesabika kwa urahisi kama mtu anayepita mlangoni. Kwa Kiswahili nafsi huingia ndani ya kitenzi. Asemaye "ninalia", "nalia" na "silali" amejitaja mara tatu, na neno "mimi" halikuonekana hata mara moja. Akisema "mimi nalia" amekaza. Amejitofautisha na mwingine asiyelia. Kwa hiyo mtambo unaohesabu "mimi" katika Kiswahili unahesabu mkazo, ukadhani unahesabu nafsi. Ukiamua kuitafuta silabi "ni", utaikuta katika "maisha ni safari", katika "nyumbani" na katika "njooni", mahali ambapo msemaji hakujitaja kabisa.

Hayo yaweza kurekebishwa na mtaalamu wa sarufi. Yasiyorekebishika kwa urahisi yamo katika mahali ambapo Kiswahili humweka mwenye huzuni. Katika sentensi nyingi za Kiingereza mwenye huzuni ndiye mtenda: yeye ndiye ahuzunikaye, ndiye akosaye usingizi, ndiye aliyepoteza hamu. Mswahili husema, "huzuni imenishika", "usingizi umenikimbia", "hamu imenitoka", "mawazo yamenijaa", "maisha yamenishinda". Katika sentensi hizo zote watenda ni huzuni, usingizi, hamu, mawazo na maisha. Binadamu amebaki silabi moja katikati ya kitenzi, ametendwa, amezungukwa na mambo yenye nguvu kumpita. Hapo hajajitazama sana kama walivyosema wataalamu wa Marekani. Amejiona kama mahali ambapo mambo yanapita. Pengine hiyo ndiyo sura ya sonona katika lugha hii, na pengine ni desturi ya kawaida ya sarufi isiyo na ugonjwa ndani yake. Kulijua hilo kwahitaji uchunguzi wa Kiswahili chenyewe, na uchunguzi wa Kiingereza hauwezi kuazimwa ukatosha.

Wako watakaojibu kwamba mitambo ya leo haihesabu viwakilishi tena, na kwamba ikilishwa Kiswahili cha kutosha itajifunza yenyewe. Jibu hilo lina ukweli, lakini mwaka wa 2024 lilipata mtihani mgumu katika Marekani kwenyewe. Sunny Rai, Sharath Chandra Guntuku na wenzao waliwachunguza watu 868, nusu weusi na nusu weupe, waliolinganishwa kwa umri na jinsia, wote wakiandika Kiingereza. Ile alama mashuhuri ya nafsi ya kwanza ilifungamana na sonona kwa weupe tu. Kwa weusi haikusema neno. Lililo zito zaidi ni kwamba hata mtambo ulipofundishwa kwa maandishi ya weusi peke yao, bado ulishindwa kuwatambua vyema. Basi kasoro haikuwa uchache wa maandishi tu. Watu wa lugha moja, katika nchi moja, walikuwa wakiichukua huzuni yao kwa namna mbili, na mtambo uliitafuta mahali pamoja. Ikiwa hivyo ndivyo ndani ya Kiingereza, mwenye kuuhamisha mtambo huo kutoka Philadelphia hadi Pemba apaswa kusita.

Upungufu wa tatu ni wa adabu ya mazungumzo. Salamu ya Kiswahili ni darasa zima la jambo hili. "Hujambo?" ni swali kama mtu ana jambo, na "sijambo" ni kukanusha kuwa nalo. Mtu hukanusha kwanza, kwa kuwa adabu yataka hivyo, ndipo habari zifuate. Aliyefiwa jana huulizwa "Habari za nyumbani?" akajibu "Nzuri", kisha baada ya kitambo akasema kwamba mama amefariki. Hakusema uongo. Neno "nzuri" lilikuwa mlango, na msiba ulikuwa ndani ya nyumba. Msikilizaji mwenyeji huyatambua pia majibu yanayopungua: "nzuri tu", "nipo", "nipo nipo tu", "nasukuma siku", "Mungu anasaidia". Kila moja la maneno haya, likiangaliwa katika kamusi, halina baya. "Nipo" ni tangazo la kuwapo. Lakini mama amsikiaye mwanawe akisema "nipo tu" kwa simu hawezi kulala usiku ule kabla hajajua kulikoni, kwa sababu anazikumbuka siku alizokuwa akijibu vingine. Maana ya neno iko katika tofauti kati ya leo na jana, na tofauti hiyo huifahamu aliyekuwapo jana.

Mtazame msomaji wa mtambo mbele ya maneno hayo. Miongoni mwa hazina mashuhuri za kufundishia mitambo lugha za Kiafrika ni AfriSenti, iliyotolewa mwaka wa 2023, yenye maandishi zaidi ya 110,000 ya Twitter katika lugha 14, Kiswahili kikiwa kimojawapo. Wenyeji wa lugha hizo waliyabagua maandishi katika mafungu matatu: yenye hisia njema, yenye hisia mbaya, na yasiyoelemea upande. Ni kazi ya heshima, na bila ya hiyo Kiswahili kingalisahauliwa. Lakini haikuwekwa kwa ajili ya kupima sonona, na mafungu yake matatu yaonyesha ugumu uliopo. "Nipo nipo tu" itawekwa fungu gani? Ikiwekwa katika lisiloelemea upande, imepotea. "Alhamdulillahi kwa kila hali" itawekwa fungu gani? Yaweza kuwa shukrani ya aliyepata mtoto, na yaweza kuwa stahamala ya aliyemzika. De Choudhury na wenzake waliona kwamba maneno ya dini yalizidi kwa wenye sonona. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako hata mapatano ya kuonana kesho hufungwa kwa "inshallah", alama hiyo ingewashika wazima na wagonjwa katika wavu mmoja. Na ile alama ya kuandika usiku ingeufanya mwezi wa Ramadhani, watu wanapokesha na kuamka kula daku, kuwa mwezi wa wagonjwa watupu.

Fasihi yaongeza mtihani mwingine. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ausemesha moyo wake mwenyewe, auonyesha magofu ya majumba ya Pate, na kuukumbusha kwamba dunia hupita. Asomaye kwa hesabu ya maneno atakuta kaburi, uozo, giza na majuto, na atamwandikia mshairi cheti cha ugonjwa. Asomaye kwa kuijua desturi atamkuta mtu aliye macho, anayeutibu moyo wake kwa mawaidha, na anayetumia mauti kama dawa ya ghururi. Katika riwaya ya Kichwamaji ya mwaka wa 1974, Euphrase Kezilahabi alimpa Kazimoto nafsi ya kwanza, akamwacha asimulie kuvunjika kwa imani yake mpaka mwisho wake wa kujiua. Nafsi ile haikuwa ya Kezilahabi. Yeye aliishi, akaandika mashairi na riwaya nyingine, akafundisha vyuo vikuu, na akafariki mwaka wa 2020. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa asimchanganye msimulizi na mtunzi. Katika mitandao ya kijamii watu huandika mashairi, hunukuu nyimbo za taarabu, huigiza, hutania na kumsuta jirani kwa maneno ya kanga. Wala hakuna jalada linalomwambia mtambo kwamba hapa mtu amevaa sauti isiyo yake.

Hata wale washairi 18 wa mwaka wa 2001 wana somo la namna hii. Uchunguzi ule ulifanywa baada ya vifo kujulikana. Makundi yalikuwa yamekwisha gawanywa na mauti yenyewe, na kompyuta ikatafuta tofauti kati yake. Kusoma namna hiyo ni halali, maana ndivyo ujuzi unavyoanza. Lakini kutoka kwenye "waliojiua walisema hivi" mpaka kwenye "asemaye hivi atajiua" kuna bonde pana, na wengi wamejaribu kuliruka bila daraja.

Upana wa bonde hilo huonekana kwa hesabu ndogo. Mtambo wa mwaka wa 2018, ukipewa mtu mmoja mwenye sonona na mmoja asiye nayo, ulimtambua mgonjwa mara kama saba katika kumi. Yaonekana ni kazi nzuri. Sasa ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba katika mji kuna watu 1,000, na wenye sonona ni 50. Mtambo unaowanasa wagonjwa saba katika kila kumi, na kuwasingizia wazima watatu katika kila kumi, utawapata wagonjwa 35 na kuwaacha 15. Katika wazima 950, utawatia alama 285. Jumla ya waliotiwa alama ni 320, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 35, yaani kama mmoja katika tisa. Wanane waliosalia wameitwa wagonjwa bila kuwa wagonjwa, na kumi na watano waliokuwa na haja wamepitwa kimya.

Kosa la namna hiyo lingekuwa dogo kama kutiwa alama kungekuwa bure. Hakuko bure. Mwajiri akiijua alama aweza kumnyima mtu kazi. Kampuni ya bima yaweza kumpandishia ada. Jamaa waweza kumficha. Wenzake waweza kumwita kichaa. Na katika Afrika ya Mashariki kuna jambo zito zaidi. Sheria za adhabu zilizowekwa zama za ukoloni zililifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Katika Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mnamo Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba. Mpaka mwaka ule, aliyenusurika mauti kwa mkono wake mwenyewe aliweza kutoka kitandani akaingia mahabusu. Mtambo unaotangaza kwamba fulani yu karibu kujidhuru, mahali penye sheria ya namna hiyo, waweza kumfikisha kwa polisi kabla hajamfikisha kwa mwuguzi.

Yote hayo yaelekea kwenye upungufu wa nne, ambao ndio mkubwa. Maneno ya huzuni yana anwani. Anayeandika saa nane za usiku kwamba amechoka, hata akiandikia umma, ana mtu au watu anaotamani wasikie. Sentensi yake ni mwito, na mwito hukamilika kwa kuitikwa. Msomaji wa mtambo huupokea mwito ambao hakuitwa, akautia katika hesabu, na aliyeita asijue kama amesikiwa. Wanadamu wamejaribu kuliziba pengo hilo mara kadhaa. Mnamo Oktoba 2014, chama cha Samaritans cha Uingereza, ambacho tangu mwaka wa 1953 kimewasikiliza waliokata tamaa, kilitoa programu iliyoitwa Samaritans Radar. Programu ilisoma maandishi ya Twitter ya watu ambao mteja wake alikuwa akiwafuata, na ilipoona maneno ya hatari ilimpelekea mteja huyo habari. Waliosomwa hawakuombwa ruhusa wala hawakuarifiwa. Kelele zikainuka, miongoni mwake za wagonjwa wenyewe, waliosema kwamba adui naye angeweza kujiandikisha akajua siku gani mtu ni dhaifu. Katika majuma mawili programu ikasimamishwa. Nia ilikuwa njema, na chama kilikuwa na historia ya kusikiliza. Lakini mtu aliyezungumza na rafiki zake alijikuta anapelelezwa.

Facebook nayo ilianza mwaka wa 2017 kuyachuja maandishi kwa mtambo ili kuwatambua walio karibu na kujiua, wakaguzi wa kibinadamu wakiyapitia na mara nyingine kuwaita watu wa uokozi. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliachwa nje kwa sababu ya sheria zao za siri za watu. Hapo itiko lilikuwapo, lakini lilitoka kwa mgeni, na mara nyingine likabisha hodi likiwa limevaa sare.

Mfano ulio bora zaidi umetoka karibu, nao hauna mtambo. Tangu mwaka wa 2006 daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe ameendesha kazi iitwayo Benchi la Urafiki. Alianza na mabibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Waliofunzwa walikaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye maradhi ambayo kwa Kishona huitwa kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Msemaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri ndefu, maana naye husema "ana mawazo". Hatua ya kwanza ya mazungumzo huitwa kuvhura pfungwa, kufungua fikira. Katika mwaka wa 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililowahusu wagonjwa 573, na baada ya miezi sita waliokaa na wasikilizaji hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Jambo la kutazamwa na mhakiki ni kwamba waliosoma dalili ndio waliojibu. Bibi aliyelitambua neno alikuwa pale pale, na swali lake la pili lilitoka katika jibu la kwanza.

Dar es Salaam nayo ina funzo lake. Mwaka wa 2008 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha habari za dodoso la maswali 19 la kutambua sonona, lililotungwa hapa hapa badala ya kutafsiriwa tu kutoka ng'ambo. Walianza na swali ambalo mwenye mtambo huliruka: watu wa mahali hapa husemaje wanapoumwa na moyo? Ndiyo njia iliyo sahihi, nayo ni njia ya mwanaisimu na mhakiki kama ilivyo ya daktari. Kazi hiyo kwa upande wa maandishi ya kila siku bado inawangoja wasomi wa Kiswahili: kukusanya, kwa ridhaa za wenyewe, namna ambavyo Waswahili wa bara na pwani, wazee na vijana, hutaja kuelemewa, kuipambanua stahamala na kukata tamaa, kuonyesha lini "nipo" ni salamu na lini ni kilio. Kama mtambo utafundishwa Kiswahili bila ya kazi hiyo, utafundishwa na wasiokijua, nao utawahukumu wanaokisema.

Mtambo wenyewe si wa kutupwa. Waweza kuwa mkono wa msikilizaji, ukamwonyesha mahali pa kuelekeza sikio, kama taa imwonyeshavyo mwuguzi kitanda kilipo. Ila pawe na mwuguzi. Pwani kuna desturi ya hodi: mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipoitikwa hurudi alikotoka, wala hakuna amlaumuye. Mwenye sonona naye hupiga hodi, kwa sauti ya chini na kwa maneno yasiyo na dalili ya haraka. Mtambo wanaoujenga wataalamu waweza kuihesabu hodi ya kwanza, ya pili na ya tatu bila kukosea hata moja. Ikiwa nyumbani hamna mtu wa kusema karibu, hesabu hiyo itakuwa kumbukumbu sahihi ya mgeni aliyekwisha kuondoka.